Usikimbilie ufito mpya: jibu kwa mwalimu anayevua trauti mto Thego

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari karibu na Karatina. Mwaka jana nilinunua ufito wa mtumba wa kuvulia kwa inzi bandia, yaani ndoano iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu. Umeandikwa futi 9, namba 6, na ulikuja na rili, yaani kigurudumu cha kuviringia mshipi, na mshipi wake. Navua mto Thego na mara nyingine Ragati. Trauti nawaona kwa macho yangu, lakini hutoweka kabla sijarusha. Nikirusha, mshipi huanguka kwa kishindo, ncha yake huzama, na uzi wa mbele, ambao ni nailoni ya kawaida ya mita mbili, hujifunga mafundo. Dukani nimeambiwa tatizo ni ufito, ninunue wa namba 4. Nimeweka akiba kidogo. Nianze na nini? Na ninunue inzi wa aina gani?

Jibu: Mwalimu, akiba yako itunze kwanza. Ufito wa futi 9 namba 6 ni mrefu kwa mto wenye vichaka kama Thego, na una nguvu kuliko trauti wa huko wanavyohitaji, lakini sio unaofukuza samaki. Soma tena dalili ulizoniandikia. Samaki kutoweka kabla hujarusha kunatokana na jinsi unavyomkaribia. Ncha kuzama ni tatizo la mshipi. Kishindo kinaanzia kwenye uzi wa mbele. Mafundo yanatoka mkononi. Ukinunua ufito wa namba 4 kesho, matatizo yote manne utakwenda nayo mtoni vilevile.

Naanza na samaki mwenyewe, kwa sababu hapo ndipo wavuvi wengi hupoteza siku nzima bila kujua.

Trauti si mwenyeji wa milima yetu. Mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa mwaka 1905 na mlowezi Mwingereza Ewart Grogan kutoka ziwa la Loch Leven, Uskoti, na samaki wakapandwa katika mto Gura kule milima ya Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua walifuata mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini, na kituo cha kuzalisha vifaranga cha Kiganjo, ambacho hakiko mbali nawe, kilianzishwa mwaka 1948. Nataja haya kwa sababu maelezo mengi utakayoyasoma yanamhusu samaki huyuhuyu katika nchi za baridi. Kule wadudu wa mtoni huibuka kwa makundi makubwa msimu ukifika, na mvuvi hulazimika kutafuta inzi anayefanana na mdudu wa wiki hiyo. Kwetu hapa karibu na ikweta wadudu huibuka kidogokidogo mwaka mzima, na trauti wa mto mdogo hana nafasi ya kubagua chakula. Anakula kinachopita. Lakini anaishi kwenye maji haba na maangavu, ambako kinachosogea juu yake kinaweza kuwa mdiria, korongo au fisimaji. Ndiyo maana nasema kwamba katika mito yetu anayejua kunyatia humshinda mwenye sanduku kubwa la inzi, na ningependa uweke nguvu zako hapo kabla ya mahali pengine popote.

Sasa fikiria jinsi anavyokuona. Trauti akiwa majini hutazama juu kupitia duara moja angavu lililo juu ya kichwa chake. Nje ya duara hilo uso wa maji huakisi tu mawe na mchanga wa chini. Mwanga wote unaotoka juu, kuanzia anga, miti, ukingo hadi wewe mwenyewe, hujipinda unapoingia majini na kubanwa ndani ya duara hilo. Upana wake ni zaidi kidogo ya mara mbili ya kina alichokaa samaki, kwa hiyo aliye sentimita 40 chini ana duara la sentimita 90 hivi. Vitu vilivyo juu sana huonekana vizuri katikati. Vilivyo karibu na usawa wa maji husukumwa pembeni kabisa mwa duara na kuwa vyembamba mno, na vikiwa chini ya digrii 10 hivi kutoka usawa huo, samaki huviona kwa shida sana.

Hesabu inayotokana na hapo utaifurahia. Kwa kila mita moja unayojitokeza juu ya uso wa maji, jitenge na samaki kwa karibu mita 6. Mtu mwenye kimo cha mita 1.7 akisimama wima kwenye ukingo wa nusu mita anahitaji umbali wa mita 12 au 13 ndipo asionekane. Kwenye Thego, mrusho wa mita 13 chini ya miti hauwezekani. Lakini mtu huyohuyo akishuka na kupiga goti penye maji ya kina kifupi, kichwa chake kikawa sentimita 90 juu ya maji, mita 5 au 6 zinamtosha. Basi kupiga goti kumekupunguzia zaidi ya nusu ya mrusho uliokuwa ukikutesa.

Zaidi ya hapo, trauti huelekeza kichwa kule mkondo unakotoka, kwa kuwa chakula huletwa na maji, na nyuma ya mkia wake kuna sehemu asiyoiona kabisa. Vua ukipanda mto, wala usivue ukishuka nao. Anayeshuka na mto humtembelea kila samaki uso kwa uso, na matope anayoyatibua humtangulia. Ubavuni mwa samaki pia kuna mstari wa hisia unaopokea mitikisiko, na kingo za mito yetu, hasa zile zilizoliwa na maji kwa chini, hupitisha kila kishindo cha buti. Tembea taratibu, ukanyage kwa ubapa wa mguu. Wakati ukizungumza na mwenzako kwa sauti ya kawaida, samaki hasumbuki sana. Kinachomsumbua ni miguu yenu na kivuli.

Chukua mfano wa kidimbwi ambacho bila shaka unakijua, kwa kuwa mto Thego umejaa vya namna hiyo. Maji yanaporomoka juu ya mawe, yanaingia kwenye bwawa dogo lenye gogo upande mmoja, kisha yanatulia na kutoka kwa wepesi upande wa chini. Wengi hutembea moja kwa moja hadi kando ya bwawa na kurusha kule maji yanakoporomokea, kwa kuwa wanajua samaki mkubwa yuko huko. Walichofanya ni kumfukuza samaki mdogo aliyekuwa mkiani mwa bwawa, naye akakimbilia juu na kuwashtua wote. Wewe simama mita kadhaa chini ya mkia wa bwawa, piga goti, na utazame kwa dakika chache bila kufungua mshipi. Rusha kwanza pale mkiani. Kisha songa kidogo, urushe kwenye ule mstari ambapo maji ya kasi yanapakana na yaliyotulia. Humo samaki hukaa upande wa utulivu na kuchomoka mara moja kuchukua kinachopitishwa na kasi. Halafu kandokando ya gogo. Maporomoko yawe ya mwisho. Ukimpata mmoja mkiani, mvute chini kwako haraka, mbali na wenzake.

Mavazi yasikugharimu. Shati la kijani kibichi au la kaki, kofia yenye ukingo isiyo nyeupe, saa ya kung'aa ibaki mfukoni. Kifaa kimoja ningekununulia mimi mwenyewe kama ningeweza, nacho ni miwani ya polaroidi. Inaondoa mng'ao wa juu ya maji ukaona mawe, vivuli na samaki wenyewe, na inakinga jicho lako dhidi ya ndoano. Hii itangulize kabla ya ufito wowote wa dukani.

Tuje kwenye mshipi. Katika uvuvi huu chambo hakina uzito wowote wa maana. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, na ufito hujipinda kwa uzito wa mshipi. Ndiyo sababu vyote viwili huandikwa namba, na namba hizo hutoka kwenye uzito wa mita 9.1 za mwanzo za mshipi, bila kuhesabu kile kipande chembamba kisichoongezeka unene kilicho nchani. Mshipi wa namba 4 katika urefu huo huwa na gramu 7.8 hivi, namba 5 gramu 9.1, na namba 6 gramu 10.4. Wewe umepewa mshipi usioujua pamoja na ufito wa namba 6, na wauzaji wa mitumba huweka mshipi wowote waliokuwa nao. Una bahati ya kuwa shuleni. Pima mita 9.1, uziviringe bila kuzikata, uziweke kwenye mizani ya maabara huku sehemu iliyobaki ikiwa imelegea pembeni isivute. Mizani ikikuambia gramu 8, basi umekuwa ukirusha mshipi wa namba 4 kwa ufito wa namba 6, na ufito huo haujipindi vya kutosha. Mkono hujazia kwa nguvu pengo hilo, na nguvu hizo huzidisha kishindo na mafundo.

Kabla hujatupa mshipi wa zamani, uoshe. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo ya vyombo, na kitambaa laini unachoupitisha ndani yake kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha usuuze na kuuacha ukauke kivulini. Utashangaa uchafu utakaotoka. Mshipi wa kuelea unapopakwa matope na ukungu wa mto, ncha yake huanza kuzama, na ikizama huwezi kuuinua mshipi majini bila kuchafua bwawa zima. Baada ya kuosha, upinde kati ya vidole, sentimita chache kwa wakati, ukitafuta nyufa kwenye ganda lake. Ukikuta nyufa ndogondogo zinazofunguka na kuonyesha uzi wa ndani, mshipi umekwisha, maji yanaingia. Na kuna jambo wengi hawalijui: dawa ya kufukuza mbu yenye DEET huyeyusha plastiki. Ukijipaka na kushika mshipi kwa viganja hivyohivyo, unaula kidogokidogo. Jipake kwa nyuma ya mkono, viganja vibaki safi.

Kama ni lazima kununua mpya, hapa ndipo akiba yako iende. Chukua mshipi wa kuelea wa namba 6 ulioandikwa herufi DT. Maana yake ncha zote mbili zimekonda sawasawa na tumbo liko katikati. Wauzaji watakusukumia ulioandikwa WF, ambao uzito wake uko mbele na hufaa kwa mirusho ya mbali. Wewe huna haja ya umbali. Wa DT huviringika vizuri zaidi juu ya maji, nitakueleza kwa nini unahitaji hilo, na upande mmoja ukichakaa unaugeuza kwenye rili na kupata mshipi mpya kwa bei ileile.

Uzi wa mbele ndio unaokuletea kishindo, pamoja na kulenga. Mshipi ni mnene, inzi ni mdogo. Katikati lazima pawe na kitu kinachokonda hatua kwa hatua ili nguvu za mrusho zipungue polepole hadi inzi atue. Nailoni yako ya unene mmoja haiwezi kazi hiyo, ama inaanguka kwa rundo au inampiga inzi majini. Nyuzi zilizokondeshwa kiwandani zinauzwa, lakini unaweza kujitengenezea kwa vipande vya nailoni. Anza na sentimita 90 za unene wa milimita 0.50, unga sentimita 50 za 0.40, kisha 30 za 0.30, halafu 20 za 0.25, 20 nyingine za 0.20, na umalizie na sentimita 60 za 0.15. Jumla ni mita 2.7. Kile kipande cha mwisho ndicho kitakachofupika kila ubadilishapo inzi, kwa hiyo nunua koili yake ya ziada na uihifadhi gizani, kwa kuwa jua hudhoofisha nailoni. Unganisha vipande kwa kuvilaza sambamba, kuvifanya kitanzi kimoja, na kupitisha ncha ndani ya kitanzi mara mbili au tatu kabla ya kukaza. Kila fundo lilowanishe kwa mate kabla hujalikaza, kwa sababu nailoni kavu ikikazwa hupata joto la msuguano na kupungua nguvu palepale kwenye fundo. Likiisha kukazwa, livute kwa nguvu. Kama litakatika, likatike mkononi mwako wala si mdomoni mwa samaki.

Kuhusu kulenga: usilenge maji. Lenga hewani, mita moja juu ya mahali unapotaka inzi atue, mshipi unyooke huko kisha ushuke wenyewe.

Sasa mkono. Mrusho una safari mbili, ya nyuma na ya mbele, na kati yake kuna kusubiri, na kusubiri huko ndiko kugumu kuliko yote. Katika kila safari fanya kama mtu anayerusha tope lililoshika kwenye koleo: unaanza polepole, unaongeza kasi, kisha unasimamisha koleo ghafla, na tope linakwenda lenyewe. Ufito nao unasimama ghafla, mara ya kwanza ukiwa umepita kidogo tu juu ya bega, mara ya pili ukiwa mbele yako kwa pembe hiyohiyo. Ukiuacha uanguke nyuma hadi karibu kulala, mshipi utagonga nyasi. Mkono wa kushoto ushikilie mshipi ukiwa umekaza muda wote, kwa kuwa mshipi uliolegea hauupindi ufito.

Mafundo yako yana sababu mbili, na nadhani unazo zote. Ya kwanza ni kuanza safari ya mbele kabla mshipi haujanyooka nyuma. Ya pili ni kuweka nguvu zote mwanzoni mwa safari badala ya mwishoni, hivyo ncha ya ufito inashuka kuliko njia yake, sehemu ya juu ya mshipi inaangukia ile ya chini, na uzi unajifunga. Wavuvi husingizia upepo. Dawa ya sababu ya kwanza ni kugeuza kichwa na kuutazama mshipi wako ukinyooka nyuma. Usione haya kufanya hivyo, na wanaofundisha warushaji wapya huwaagiza hivyo hivyo. Ukikuta fundo dogo kwenye uzi wakati unavua, usilipuuze. Likate, unga upya, kwa sababu uzi wenye fundo la namna hiyo umepoteza nguvu zake nyingi.

Fanya mazoezi kwenye uwanja wa shule jioni, ukifunga kipande cha sufi ya rangi kali badala ya ndoano, na ukae mbali na wanafunzi wadadisi. Weka kofia chini, mita 8 kutoka kwako, na ujifunze kuangusha sufi ndani yake au karibu nayo. Usijifunze kurusha mbali. Robo saa kila jioni itakufaa kuliko Jumamosi moja nzima, maana mkono ukichoka hujifunza makosa.

Uwanja hautakufundisha mrusho utakaoutumia zaidi mtoni, ule wa kuviringisha. Chini ya miti ya Ragati huna nafasi ya nyuma hata kidogo. Kwa mrusho huu mshipi hauendi nyuma kabisa. Unaurudisha ufito polepole, mshipi ukiteleza juu ya maji kuja kwako, mpaka mkono uwe karibu na sikio na mshipi uning'inie kidogo nyuma ya bega. Unatulia, ncha yake ikiwa bado imelala juu ya maji mbele yako. Kisha unapiga mbele na kusimamisha kwa ghafla kama kawaida, na mshipi unajiviringisha kuelekea mbele juu ya maji. Maji ndiyo yanayoushikilia ili ufito upindike, ndiyo maana kwenye nyasi haufanyi kazi. Tafuta bwawa lolote la kumwagilia mashamba, omba ruhusa, ujifunzie hapo. Na pale ambapo hata huo haupiti, mshike inzi kwa tumbo la ndoano, ncha ikitazama nje ya vidole, vuta ufito upindike kuelekea kwako, lenga, achia. Mita 3 au 4 za namna hiyo chini ya tawi hukamata samaki ambao hakuna mtu aliyewahi kuwarushia.

Inzi sasa, na hapa nitakuwa mfupi kwa makusudi. Ukifika mtoni geuza jiwe la ukubwa wa ngumi mbili penye maji ya kasi. Utaona tunutu bapa, yaani wadudu wachanga wasioota mabawa bado, wenye mikia miwili au mitatu wakikimbilia upande wa kivuli, vijumba vidogo vilivyojengwa kwa chembe za mchanga vyenye mabuu ndani, na mara nyingi mabuu ya usubi yaliyojishikiza jiweni kwa mkia. Ukibahatika utamkuta kaa mdogo, chakula kizuri sana cha trauti wakubwa. Hiyo ndiyo orodha yako ya manunuzi. Chukua inzi waitwao Pheasant Tail na Hare's Ear, ndoano namba 14 na 16, ambao huiga tunutu. Kumbuka namba ikipanda ndoano hupungua ukubwa. Chukua Adams wa namba 14 anayeelea, na mweusi wowote mwenye manyoya ya jogoo, kama Kenya Bug, namba 10 au 12, kwa siku ambazo maji yana rangi kidogo. Aina hizo nne, kila moja ukiwa na kadhaa za akiba, zitakutosha kwa muda mrefu.

Na wanunue hapahapa. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazofunga inzi wengi wa kuuza nje, na mvuvi wa Marekani au Uingereza huenda anavua kwa inzi aliyefungwa na mikono ya fundi wa Nairobi. Mafundi hao wengi wao ni wanawake, na kazi yao ni ya kiwango cha juu sana. Inaniuma kila ninapomwona Mkenya akiagiza inzi kutoka ng'ambo. Baadaye jifunze kufunga mwenyewe. Pheasant Tail aliyebuniwa na Frank Sawyer, mtunzaji wa mto Avon huko Uingereza, hahitaji hata uzi. Ni nyuzi chache za manyoya ya mkia wa ndege na waya mwembamba wa shaba. Waya huo unaweza kuutoa kwenye mota mbovu ya redio ya kaseti.

Inzi wa tunutu lazima ashuke mpaka karibu na mawe, maana huko ndiko samaki anakula muda mwingi. Funga kipande kidogo cha sufi ya chungwa iliyopakwa mafuta kwenye uzi, juu ya inzi, kwa umbali wa mara moja na nusu ya kina cha maji. Mrushe juu ya mkondo na umwache arudi kwako kwa mwendo uleule wa maji, wewe ukikusanya mshipi uliolegea kwa mkono wa kushoto. Sufi ikisita, ikizama au hata ikienda kando kidogo, inua ufito. Usisubiri kusikia mkononi, kwa sababu trauti hutema kitu kigumu mara moja. Na kama mshipi umelala kwenye maji ya kasi huku inzi akiwa kwenye yaliyotulia, mkondo utamburuta, na hakuna mdudu wa kweli anayeogelea hivyo. Inua ncha ya ufito ili mshipi mwingi usiguse maji. Hapo ndipo futi 9 zako, ambazo duka linakuambia ni kasoro, zinapokusaidia kuliko ufito mfupi.

Bana kile kijino kilicho nyuma ya ncha ya ndoano kwa koleo dogo la waya. Samaki mdogo utamwachia bila kumchana, nawe ukijichoma utaichomoa ndoano bila kwenda hospitali. Anayerudishwa majini ashikwe kwa mikono iliyolowa, bila kubanwa tumbo, kichwa kikielekea mkondo mpaka aondoke mwenyewe. Wa kula auawe haraka kwa pigo moja kichwani, asiachwe akitapatapa kwenye nyasi.

Sitaki umalize kusoma bila neno la usalama, maana wavuvi husahau. Uwe na leseni ya uvuvi kutoka ofisi ya uvuvi, na kibali cha kuingia msituni au hifadhini pale kinapotakiwa. Usiende peke yako. Ukinyatia chini ya vichaka unanyatia pia nyati na ndovu, nao kelele za mto huwazuia kukusikia kama zinavyokuzuia wewe kuwasikia. Ukikuta kinyesi kibichi au matawi yaliyovunjwa sasa hivi, rudi, tafuta sehemu nyingine ya mto. Mvua ikinyesha juu mlimani, mto unaweza kupanda na kubadilika rangi wakati wewe umesimama kwenye jua. Maji yakianza kuleta majani na povu la kahawia, toka mara moja upande ulioingilia.

Kuhusu ufito wa namba 4, siku yake itafika. Ukiona unaangusha inzi ndani ya kofia bila kufikiri, na samaki wanakula kabla hawajakimbia, nenda katafute wa futi 7 na nusu au 8, usio mgumu sana, unaopindika mpaka katikati hata kwa mshipi mfupi. Wa mtumba unafaa kabisa, ila ukague mwenyewe. Unga vipande vyake na uutikise; usisikie kitu kikigonga kwenye maungio. Pitisha kidole ukisikilizia mahali palipobonyea. Mwisho chukua kipande cha pamba na ukizungushe ndani ya kila pete unamopita mshipi. Pamba ikinasa, pete ina ufa utakaokata mshipi wako mpya, basi mwombe muuzaji apunguze bei ya pete hiyo au uuache ufito hapo.